Mgongo wa Sadalla

Mdogo wangu Uweso alianza mbio na mikate nyuma. Alikuwa akisambaza mikate ya asubuhi hapa Makorora kwa baiskeli ya mzee wetu, na kila akipishana na mwenye baiskeli mwenzake lazima wakimbizane mpaka mmoja akubali. Mikate ilifika imebondeka, na wateja walinitukana mimi, dada mtu. Mama alisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hazikuishia. Alipata klabu, akapata baiskeli ya magurudumu membamba, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa pwani hii wa kumshinda karibu na utepe wa kumalizia.

Karibu na utepe, nasema. Mlimani Uweso ni mzigo. Ukimpeleka Lushoto atakufa njiani. Kazi yake ni kile kipande kifupi cha mwisho, na ili akifike akiwa na nguvu, lazima mtu atangulie ampasulie upepo, naye ajifiche mgongoni kwake. Mtu huyo alikuwa Sadalla, mchuuzi wa samaki wa Kigombe, mwenye kifua kama mlango na maneno machache. Sadalla alivuta njia nzima, na utepe ukionekana alikaa pembeni, Uweso akachomoka, watu wakapiga vigelegele. Picha ya gazetini ilikuwa ya Uweso. Medali za Uweso, zimejaa ukutani kwangu mpaka sina pa kutundika kanga. Sadalla hakuwahi kushinda hata mara moja, wala sikumsikia akilalamika, jambo lililoniudhi sana. Mtu gani huyo asiye na wivu?

Mwaka jana goti la Sadalla lilikataa. Daktari alimwambia mbio za Pangani hadi Tanga ziwe za mwisho. Uweso alihangaika. Nilipokwenda Kigombe kununua samaki akanifuata, akamvuta Sadalla kando.

"Yakhe, safari hii mimi mbele, wewe nyuma. Nikikaa pembeni, pita."

"Mimi sijui kushinda, Uweso."

"Hakuna cha kujua. Kanyaga tu!"

Siku ya mbio nilisimama karibu na utepe pamoja na Hafsa, mke wa Sadalla, aliyekuja na watoto wamevaa nguo za Idi. Nilitaka Sadalla ashinde kuliko nilivyowahi kutaka ndugu yangu ashinde. Walitokea kwenye kona, Uweso mbele, mishipa ya shingo imemtoka, Sadalla nyuma yake, na wengine wakiwafuata kwa mbali kidogo. Uweso alivuta mpaka akaisha, akakaa pembeni, akaacha kukanyaga. Sadalla akapita. Mbele yake hapakuwa na mtu. Hafsa akaanza kigelegele.

Sadalla akageuza shingo, akatazama nyuma.

Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini kwenye mbio hizi hiyo inatosha. Kijana mmoja aitwaye Nadir akampita kwa ncha ya gurudumu. Nilitukana hadharani, mbele za watu wazima, na siombi radhi.

Uweso alikuja akikokota baiskeli, amekasirika mpaka machozi yanamtoka.

"Umegeuka unatafuta nini? Utepe ulikuwa mbele yako!"

Sadalla alikuwa amekaa chini, ameshika goti.

"Nilipopita sikukusikia tena nyuma yangu," alisema. "Nikadhani umeanguka."

Uweso aliiachia baiskeli ianguke. Alichuchumaa palepale, akaanza kumkanda goti, na hakuondoka mpaka watu wakatawanyika. Tulirudi Makorora, yeye akiikokota baiskeli. Tulipofika mlangoni ndipo aliposimama.

"Dada," alisema, "miaka yote ile anakaa pembeni ili mimi nipite. Sijawahi kugeuka kumtazama hata siku moja."