Kigoda Ndani ya Kabati la Vioo

Siku fundi seremala alipomwona Bi Maadili kwa mara ya kwanza, alijificha nyuma ya mbao. Hakuwa na ubaya naye, maana hata hakumjua. Ni haya tu. Alizaliwa nazo, na umri wa kukaribia hamsini haukuwa umemponya. Alisikia viatu vya kisigino vikija mbio kwenye saruji, ko-ko-ko-ko, kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa, akajua huyo ni wa ofisini. Akajibanza kwenye mbao zilizoegemezwa ukutani, akajifanya anatafuta iliyonyooka.

Karakana ilikuwa nyuma kabisa ya kiwanda cha sabuni, karibu na matangi, mahali ambapo harufu ya sabuni ilikuwa nzito hata chai ikawa na povu la kufikirika. Seremala aligawana chumba hicho na fundi umeme, mtu wa maneno mengi, ambaye alimwelekeza mgeni kwa kidole gumba.

"Seremala yule pale, anaongea na mbao. Hazimjibu, ndiyo maana wanapatana."

Mgeni alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye kitambulisho kipya shingoni. Alipewa kiti, hakukaa. Alizunguka meza ya kazi, akashika randa, akairudisha. Akashika patasi, akairudisha.

"Fundi, nataka kabati la vioo. Kubwa, la kuweka mapokezi. Na lisiwe na kufuli."

"Bila kufuli, bosi?"

"Ukiweka kufuli, watu watasema mwenye ufunguo anakula."

Alikuwa ametumwa na makao makuu kuja kufungua ofisi ya maadili, ndipo wafanyakazi wakambandika jina la Bi Maadili. Maadili yenyewe hayakuwa mageni. Maneno manne, Uadilifu, Uwazi, Heshima na Kujali, yalikuwa ukutani kwenye uwanja wa malori tangu zamani, kwa herufi za kimo cha mtu, na wafanyakazi walikuwa wameyazoea kama saa iliyosimama. Bi Maadili alikuja kuitia saa hiyo betri. Kuanzia sasa, alitangaza, hakuna kupokea zawadi kwa mtu anayeiuzia kampuni kitu, wala mkubwa hapokei kitu kwa mdogo wake wa kazi. Zawadi ikishindikana kukataliwa, inawekwa kabatini, pembeni yake kadi: imetoka kwa nani, imepokelewa na nani. Mwisho wa mwaka vyote vinakwenda hospitali ya watoto.

"Mtu anapotoa kitu chini ya meza huwa na nguvu," alisema mbele ya wafanyakazi. "Kiwekeni juu ya meza, muone atakavyoona haya."

Fundi alilitengeneza kabati, akalifunga mapokezi. Ofisi ya Bi Maadili ilikuwa hapo hapo, imetengwa kwa kioo, na hapo ndipo aliposhikwa na jambo ambalo hakulitafuta. Meza aliyopewa mama yule ilikuwa ya bosi aliyestaafu, na kiti chake kilitengenezwa kwa mtu mwenye miguu ya korongo. Yeye akikaa, miguu haikufika chini. Ilining'inia na kucheza, kulia, kushoto, kama ya mtoto darasani. Akiandika, inacheza. Akisikiliza simu, inacheza. Kisha anaruka chini, anazunguka chumba, anapanda tena. Mtu hatulii asiye na pa kukanyaga. Fundi alikaza bawaba moja asubuhi nzima, na jicho lake halikuwa kwenye bawaba.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa tangu mkewe alipofariki. Dada yule akishika jambo, kupe ana afadhali.

"Ni nani?" alimuuliza mezani.

"Nani nini, dada?"

"Huyo anayekufanya ukoroge chai isiyo na sukari."

Aliinywa hivyo hivyo. Jumapili alikwenda uani, akaitoa meza yao ya zamani iliyovunjika mguu, akaanza kuipasua. Vipande vilivyobaki alipotengeneza kabati vilikuwa vingi kazini, tena mbao nzuri, lakini aliona ni dhihaka kumpelekea mtu wa maadili mbao ya wizi. Kwenye ile meza yao akatoa kigoda cha kuwekea miguu. Alikipiga msasa mpaka ukikipitishia shavu hakikuumi. Pembe zake alizizungusha, juu akainamisha kidogo, visigino vipate kulala.

Kukitengeneza ilikuwa rahisi. Kukitoa ndiyo kazi. Kilikaa kwenye gunia chini ya meza yake karakana, kikahamia nyuma ya kabati la misumari, kikarudi chini ya meza. Kila asubuhi alijiambia leo, kila jioni akajiambia kesho.

"Hilo gunia lina paka?" fundi umeme aliuliza. "Maana unalichungulia kila saa."

"Lina mbao."

"Mbao tena! Wewe ukifa tutakuzika kwenye kabati."

Wakati yeye anahamisha gunia, kabati la mapokezi lilikuwa na mambo yake. Mwanzoni zililetwa kalamu na kalenda. Kisha tajiri anayeiuzia kampuni maboksi akaleta saa ya ukutani. Tajiri wa malori alipokuja kusubiri mapokezi, akaiona ile saa na jina la mwenzake, pembeni yake kichupa cha chai chenye jina lake mwenyewe, kidogo, kimejikunja kama yatima. Wiki ile ile akaleta seti nzima ya vyombo vya kioo. Wa chumvi akasikia, akaleta feni. Hawakuona haya hata chembe. Walisimama mbele ya kabati wakisoma kadi, wakapimana, wakaenda kuongeza. Mmoja alimwomba dada wa mapokezi aisogeze zawadi yake mbele, isifichwe na feni.

Meneja mkuu alifurahi kweli kweli. Alileta watu wa makao makuu, wakapiga picha.

"Mnaona? Uwazi huu!" alisema. "Matawi mengine yaje yajifunze."

Nyuma ya kioo, miguu ya Bi Maadili ilicheza kuliko siku zote. Fundi aliiona alipokuja kurekebisha kitasa cha mlango wake. Safari hii alikuja na gunia. Hata yeye hakujua alipata wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu kitasa kilimpa sababu ya kupiga magoti, na mtu aliyepiga magoti haangaliwi usoni. Alikitoa kigoda, akakisukuma chini ya meza, akarudi kwenye kitasa.

Visigino vikagusa mbao. Miguu ikasimama.

Fundi alisikia bisibisi yake mwenyewe ikikwaruza. Alipothubutu kugeuka, Bi Maadili alikuwa ameegemea kiti chake kwa mara ya kwanza tangu aje, macho ameyafumba, mikono imelala. Alikaa hivyo kwa muda wa kumaliza pumzi moja ndefu. Kisha akafumbua macho, akavuta droo, akatoa kadi.

"Bosi, hapana," alisema fundi. "Hicho si cha biashara. Mimi siuzi kitu hapa."

"Najua, fundi. Lakini mimi ni mkubwa, wewe ni mdogo wangu kazini, na sheria nimeisoma mwenyewe mbele yenu. Nikianza kuchagua zawadi ya moyo na zawadi ya biashara, kesho wote watakuja na mioyo."

"Basi nirudishie."

Bi Maadili alitazama kigoda. "Nilipaswa. Lakini nimeshaweka miguu. Kupokea nimeshapokea, hilo siwezi kulificha."

Akaandika. Kimetoka kwa: fundi seremala. Kimepokelewa na: ofisi ya maadili. Akakipeleka mwenyewe kabatini, akakiweka kati ya feni na saa, mkono wake ukakawia juu yake kidogo.

Mchana kiwanda kizima kilikuwa kimeshapita kutazama. Fundi umeme alirudi karakana anafuta machozi ya kicheko.

"Mwenzangu! Matajiri wameleta saa na mafeni, wewe umeleta pa kuweka miguu! Umewazidi maarifa. Harusi lini, tukachangie msasa?"

Wengine walisema seremala mjanja, anatafuta cheo. Hilo lilimuuma zaidi. Kuanzia siku ile hakupita tena mapokezi. Alizunguka kwa nyuma, kwenye matangi na mvuke, mwendo mrefu, apate kuikwepa kadi yenye jina la kazi yake. Nyumbani alikosa usingizi, dada yake akakosa naye.

"Umemtengenezea kigoda, amekianika," alisema dada. "Angekianua tu, ningemwelewa."

Miezi ikapita, meneja akamwita fundi: pima mahali, tunataka kabati la pili. Hapakuwa na njia ya kuzunguka agizo la meneja. Alikwenda na futi mkononi, kichwa chini. Alikuwa anapima ukuta aliposikia ko-ko-ko-ko.

"Usipime," alisema Bi Maadili.

Akasimama karibu naye, uso kwenye vioo, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama anayeogopa kuacha katikati. Baba yake alikuwa mtunza bohari wa shule. Mtu mzuri, asiyeweza kumwambia mtu hapana. Nyumbani kwao hapakuwa na kitu kisicho na jina la mtu aliyeiuzia shule bidhaa: redio ya bwana mchele, kochi la bwana madawati, zulia la bwana sare. Na mabwana hao wakija walikaa kwenye kochi lao, wakafungua redio yao, wakamtuma baba yake maji ya kunywa kama mtumishi, ndani ya nyumba yake. Yeye na mama yake walikaa jikoni.

"Nikaapa kwamba kazini kwangu kila kitu kitakuwa na jina hadharani," alisema. "Sasa soma kadi hizo, fundi. Soma tu. Saa ya nani, feni ya nani. Unajua nimejenga nini hapa? Sebule ya baba."

Fundi alikunja futi yake. Alitafuta neno, akakuta moja tu.

"Tulivunje?"

Alicheka, kicheko kifupi. "Kwanza nivirudishe."

Meneja alikataa. Kelele zake zilisikika mpaka kwenye mizani ya malori. "Kabati limepigwa picha! Liko kwenye kalenda ya kampuni! Unataka tuwaambie nini makao makuu?" Bi Maadili akamjibu kwamba awaambie Uadilifu, lile neno la kwanza ukutani. Kesho yake alipakia zawadi kwenye pikapu, akakaa mbele na saa ya ukutani mapajani, akazunguka mji mzima akirudisha kitu kimoja kimoja kwa mwenyewe, mkono kwa mkono. Wengine walicheka, wengine walimfungia mlango. Tajiri wa maboksi alipiga simu makao makuu, akalia kwamba amevunjiwa heshima.

Cha mwisho hakikuhitaji gari. Alikileta karakana kwa miguu.

"Nimevirudisha vyote," alisema. "Nikikibakiza hiki, nimewadanganya wale wote."

Fundi alikipokea kwa mikono miwili. Fundi umeme aliinama akafungua soketi isiyoharibika. Zawadi moja kutangazwa, kisha kurudishwa! Bi Maadili alipoondoka, seremala alilishika shoka. Akaliweka. Akalishika tena. Mwishoni akakitia kigoda kwenye gunia lile lile, akakisukuma chini ya meza, na hakuna aliyemuuliza kama ni paka.

Jibu la makao makuu halikuchelewa. Bi Maadili ahamie tawi la mbali, akatunze stoo ya magunia, au aache kazi. Akaacha. Hakuagwa. Kabati lilijazwa vipande vya sabuni, vimepangwa kwa rangi. Siku yake ya mwisho fundi alikuwa anapiga randa ubao ambao hakuna aliyeuagiza, maranda yamemfika kifundo, aliposikia mlinzi wa getini akiita kutoka uwanjani.

"Seremala! Kuna mtu nje anakutaka. Nimemwambia aingie, anasema hana kitambulisho, amekirudisha, sheria ni sheria. Njoo kabla hajanimaliza, anazunguka kama kuku anayetaka kutaga!"

Alimkuta nje ya kizuizi, hatua moja tu, hapiti. Teksi inanguruma nyuma yake, mama yake mzee amekaa kiti cha nyuma na mizigo.

"Fundi," alisema, "sasa mimi si mkubwa wa mtu. Sina ofisi, sina sheria ya kusoma. Kile kigoda bado kipo, au umeshampa mwingine?"

"Kipo."

"Basi?"

Fundi alikimbia. Watu waliomfahamu miaka yote ile hawakuwahi kumwona akikimbia. Alipita mapokezi, hakuzunguka, akatokea na gunia limekumbatiwa kifuani, akalipitisha juu ya kizuizi. Akabaki ameshika kizuizi.

Bi Maadili alikitoa kigoda kwenye gunia, akakiweka sakafuni mbele ya kiti cha pembeni ya dereva, akaingia, akaweka miguu. Dereva akaachia breki. Gari lilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani, na fundi akaona kwamba anatabasamu na macho yana maji.

"Kimenikaa sawasawa, hakijazidi wala kupungua," alisema. "Hebu niambie, fundi: miguu yangu uliipima lini?"