Digrii Thelathini na Majani Chai ya Mama Njeri

Walimu wenzangu hawajasikia hii, na mkiwaambia nitakana mchana kweupe. Mimi, Madam Chepkemoi, mwalimu wa hesabu miaka tisa, niling'oa miti kumi na moja ya majani chai ya jirani kwa sababu ya kalkuleta.

Maji yalikuwa yamekatika kwetu Boito siku nne, ng'ombe wanalia, na koki kuu ya kuyafungulia ilikuwa imefukiwa mahali ndani ya shamba letu. Fundi aliyeifukia alishakufa, akaacha karatasi tu: kutoka kwa tangi, mita hamsini, digrii thelathini kutoka fensi. Sasa tepu huwezi kuivuta kimshazari juu ya majani yaliyofungana, kwa hivyo mwenyekiti wetu wa maji, Mzee Koech, akasema tungoje fundi mwingine, nami nikasema hapana, hiyo ni hesabu ya kidato cha tatu tu, hamsini mara kosaini unapata mita za kufuata fensi, hamsini mara saini unapata mita za kuingia shambani, basi.

Kalkuleta ikanipa mita saba na kitu kufuata fensi, halafu hasi arobaini na tisa. Hasi (nikawaeleza wanaume wenye majembe kwa ile sauti yangu ya darasani) ni kusema koki iko upande ule mwingine wa fensi, kwa jirani Mama Njeri. Nikahakikisha hata na Pithagorasi, ikarudi hamsini, sasa nani ataniambia nini?

"Madam, si tungoje mwenyewe arudi kutoka sokoni?" Mzee Koech akauliza.

"Mzee, hesabu haidanganyi."

Tukachimba. Hakuna koki. Nikasema panueni kidogo, wakapanua, miti ya chai ikang'oka, nikasema tena kidogo, na hapo ndipo Mama Njeri akatokea na kikapu chake, akasimama akaangalia lile shimo.

"Hapa mnazika nani?"

Nikamwonyesha kalkuleta. Huyu mama anauza viatu sokoni, shule aliacha zamani, lakini akaniangalia kwa huruma.

"Madam, saini ya thelathini si ni nusu? Nusu ya hamsini ni ishirini na tano. Hii arobaini na tisa umetoa wapi?"

Nikatazama kioo cha kalkuleta nikaona kile kialama cha radiani, kile kipimo kingine cha pembe. Jana yake nilikuwa nimefundisha radiani, sikurudisha digrii, kwa hivyo pembe ilizunguka ikaelekea kwa watu, umbali ukabaki ule ule, na Pithagorasi yeye anaangalia umbali tu.

Tukarudi kwetu, mita arobaini na tatu kufuata fensi, ishirini na tano ndani, na koki ikapatikana kabla jembe halijazama vizuri. Kila mtu akakimbilia mitungi. Asante sikusikia.

Jumamosi nikaenda kupanda miche kumi na moja, peke yangu, kwa magoti, Mama Njeri amekaa kwenye kiti ananywa chai. "Madam, hii utaichuma baada ya miaka mitatu," akaniambia, "na utaichuma wewe."

Siku hizi kalkuleta naiuliza saini ya thelathini kwanza, hata nikiwa najumlisha tu. Na shamba la mtu siligusi kama mwenyewe hayuko, hata hesabu iseme nini.