Mikopo ya Upande Mmoja

Nilipokwenda kusomea shahada ya uzamivu, msimamizi wangu alitaka nichunguze mabenki makubwa ya Kigali. Mageuzi ya sheria za fedha yalikuwa yamepamba moto na takwimu zilikuwa tele. Mimi nikataka chama kidogo cha akiba na mikopo cha kwetu Kamembe, mji wa mpakani, karibu na soko ambako mama yangu aliuza vitenge.

"Huko utapata nini?" msimamizi aliniuliza.

Nikamjibu kwamba sheria huandikwa mjini, lakini anayeitekeleza ni yule aliyeketi mbele ya muuza samaki. Akatafakari kidogo, akaniruhusu.

Chama kiliongozwa na mama mmoja wa makamo aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mwimbaji wa kwaya, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Watu walimwita Maman Meneja. Alinipa kiti pembeni mwa ofisi yake na kila asubuhi akaniletea chai ya maziwa. Kila kitu kilikuwa sawasawa kama sheria mpya ilivyotaka: akiba ya tahadhari ilikuwepo, wakopaji walilipa kwa wakati. Nilichokiona mimi ni kwamba karibu wote waliishi kwa soko moja. Nyanya, unga, kuku, vitenge, vyote vilivuka daraja kwenda Bukavu.

Nikamweleza wasiwasi wangu.

"Lakini hawa bantu banalipa muzuri, Profesa," alisema. Aliniita hivyo kabla sijawa hata daktari. "Nitabakatalia juu ya nini?"

"Usiwakatalie, Maman. Changanya na wengine. Mpaka ukifungwa je?"

"Mupaka? Banafunga mangaribi, banafungua asubui!"

Hata hivyo aliniitia kikao cha kamati. Nikapendekeza wakopeshwe pia wakulima wa mpunga wa Bugarama na wa kahawa kule Mibirizi. Mzee mmoja mfanyabiashara akaniuliza, "Na mvua ikikataa, hao watalipa na nini?" Swali lilikuwa la haki, nami nikakiri kwamba shamba nalo lina hatari yake, ila hatari ya mvua na ya mpaka hazipigi siku moja. Tulibishana mpaka adhuhuri. Nilitoka kwenda kuswali, na niliporudi nikawakuta wameshaafikiana: sehemu ndogo ya mikopo iende mashambani, ijaribiwe msimu baada ya msimu. Nilitaka zaidi ya hapo. Nikashukuru, nikaenda kumaliza tasnifu, kisha nikaanza kufundisha Kigali.

Miaka ikapita. Ukaja ule ugonjwa wa korona, na mpaka ukafungwa kweli.

Mama yangu alinipigia simu akisema soko limenyamaza kama siku ya msiba. Sikulala vizuri. Kuwa na hoja sahihi kwenye makaratasi hakufurahishi pale wanaoumia ni mama yako na majirani zake. Nikampigia meneja.

"Chama kiko namna gani, Maman?"

"Kinapumua," alisema. "Mupunga umevunwa, benye mashamba balilipa. Na ile sehemu ya mashamba sisi tuliiongeza kila musimu, hatukukuambia." Akacheka kile kicheko chake. "Sasa bachuuzi tunabangojea. Na mama yako pia, bila faini."

Niliweka simu chini nikalia, kwa furaha. Wachuuzi wengine walipata hasara kubwa na wawili watatu waliacha biashara kabisa, siwezi kuficha hilo. Lakini chama kilibaki wazi, na hakuna aliyeambiwa arudi kesho kuchukua akiba yake.

Niliandika makala kuhusu hayo, nikaitwa kwenye kamati iliyokuwa ikipitia kanuni za vyama vidogo. Nikaomba kipengele kimoja tu: chama kitazame wakopaji wake wanapata riziki yao wapi. Walikilegeza, wakakipunguza maneno, lakini wakakiacha kibaki ndani ya kanuni. Uprofesa ulikuja baadaye, na mama yangu akapika pilau kwa mtaa mzima.

Siku hizi kila mwaka nawaleta wanafunzi wangu Kamembe. Maman Meneja amestaafu, lakini hujitokeza amevaa kitenge kipya na kuketi mbele kabisa. Safari iliyopita mwanafunzi mmoja alimwuliza nilikuwaje enzi za utafiti wangu.

"Alikuwaka anatuchokesha!" alijibu. "Maswali, maswali! Chai yenyewe ilikuwa inapoa."

Wanafunzi wakaangua kicheko, nami pia. Kisha tukashuka wote kando ya ziwa kula sambaza za kukaanga na ugali wa muhogo, yeye akiwafundisha wale wa Kigali namna ya kuwatafuna samaki hao wadogo na vichwa vyao.