Maduara Mawili na Kisu cha Kaka

Kaka yangu hakuwahi kugusa simu; aliipiga. Ni mchinjaji, na mikono yake tangu alfajiri huwa na damu na mafuta, kwa hiyo kioo kilikuwa hakimsikii. Alikipiga tena kwa nguvu zaidi, akakitukana. Vioo vitatu alivipasua hivyo. Simu ya nne aliibamiza ukutani kwa sababu ilimpigia mama mkwe wake badala yangu.

Mimi ni mdogo wake, niliyesomeshwa na familia nzima hadi chuo kikuu, nikaishia kuandika makala. Ananiita Profesa. Mbele za watu ni sifa. Tukiwa wawili maana yake ni mtu asiyeweza kuchinja hata kuku. Ni kweli. Nikiwa na miaka kumi na miwili, uani kwetu, mtaa wa Rwezamenyo, nilimwachia jogoo akakimbia na shingo iliyokatwa nusu. Kaka alimmaliza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanizaba kofi.

Basi daktari mmoja niliyesoma naye, mwanamke aliyekulia Uganda, aliponiomba nimtafutie watu wenye afya, nilimfikiria kaka papo hapo. Daktari alikuwa anafanya utafiti. Mtu anagusa simu, nayo inapima kidole kinakaa muda gani kwenye kioo na kinahamaje, ili kugundua mapema magonjwa yanayofanya mkono utetemeke, ukawie au ukakamae. Wagonjwa alikuwa nao. Alikosa wazima wa kulinganisha nao. Nilijitolea mwenyewe kwa kuwa nilinusa makala, nikampeleka na kaka kama mtu anayepeleka fahali kwenye maonyesho ya mifugo.

Kwenye kioo kulikuwa na maduara mawili. Ulitakiwa kuyagusa kwa zamu, haraka, mpaka simu ilie.

"Ndiyo mtihani huu?" kaka aliuliza. "Huko chuo mlikuwa mnafanya haya miaka minne?"

"Usinivunjie simu, mzee," daktari alisema.

"Muganga," kaka alisema, kwani kwetu daktari ni muganga, "mimi naangusha ng'ombe. Hii nitaibembeleza."

Alianza kama mvua juu ya bati. Kisha vishindo vikapungua, vikawa vidogo, na kidole gumba kikasimama hewani, kama kimesahau kilikuwa kinakwenda wapi. Halafu kikaendelea.

"Kioo chenu kina mafuta," alisema, akacheka. Nami nikacheka. Daktari hakucheka.

Siku tatu baadaye alinipigia. "Wewe uko sawa, vidole vyako ni kama vya kijana. Kaka yako mlete nimwone."

Nilimweleza habari za mafuta, damu na zile simu zilizopasuka.

"Kupiga kwa nguvu si tatizo. Anaanza vizuri, mwendo unapungua, kisha mkono unaganda. Simu haiwezi kusema ni ugonjwa gani. Inaniambia tu nimtazame, na nataka kumtazama kwa macho yangu. Kabla ya hapo, tafadhali, asishike kisu."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika Idi ya kuchinja, na kila mwaka mtaa wetu mzima humletea kaka wanyama wake. Niliahidi kumwambia. Mara tatu nilikwenda kumwambia, na mara tatu nikarudi na maini aliyonifungia.

Asubuhi ya Idi tulikusanyika kwenye ua uliotengwa kwa kuchinjia, kanzu nyeupe kila mahali. Kisu hupita mara moja bila kusita, ili mnyama asiteseke. Kwa hilo kaka alikuwa hana mpinzani. Mbuzi watatu walikwenda vizuri. Wa nne alikuwa beberu mkubwa wa jirani yetu, muuza vitambaa. Kaka alitaja jina la Mungu, akavuta, na kisu kikasimama katikati ya koo.

Nilikijua kituo kile. Nilikuwa nimekiona kwenye kioo.

Beberu aliwatupa watu wawili waliomshika, akasimama wima, pumzi ikitoka kwenye tundu la shingo pamoja na damu. Alizunguka ua mara mbili. Kanzu ya muuza vitambaa ikawa nyekundu kuanzia kifuani.

"Mana we! Mungu wangu, huyu iko amelewa!" alipiga kelele. "Siku ya Idi! Mlevi wewe!"

Kaka hajaonja pombe maishani mwake. Alimpiga ngumi ya kushoto, na nilisikia meno yakivunjika. Muuza vitambaa aliokota fimbo akampasua sikio. Kaka alimwangusha, akamkalia kifuani, akampiga tena na tena. Kisu kilikuwa bado mkono wa kulia. Hakukiinua, ni vidole tu vilivyokataa kufunguka. Lakini nani angejua?

"Atamuua!" watu walilia.

Nami, mwenye shahada mbili, nilikishika kisu kwenye makali. Kilizama kwenye kiganja changu cha kushoto hadi nikaona vitu vyeupe.

"Si pombe!" nilipiga mayowe. "Ni ugonjwa! Simu ilionyesha!"

Kaka aliacha kupiga. "Simu gani?"

"Ya muganga. Yale maduara."

"Lini umejua?"

"Wiki mbili."

Aliinuka taratibu. Ngumi ilinipata mdomoni, na miwani yangu ikaruka kwenye damu.

"Wiki mbili unakula maini yangu na unanyamaza!"

Ngumi ya pili haikufika, kwa sababu beberu alianguka miguuni petu, akirusha mateke, bado hajafa. Kaka alipiga magoti kando yake, akamshika pembe, akaikunja shingo. Kisu kilikuwa kimemdondoka hatimaye.

"Profesa, njoo. Mkono wako wa kulia ni mzima. Maliza."

"Sioni, kaka. Miwani..."

"Shingo haisomwi, sha! Kata!"

Nilitaja jina la Mungu, nikakata. Kisu kilikwama kwenye kitu kigumu. "Usisimame," alisema karibu na sikio langu, "usisimame, usisimame," nami nikakisukuma kwa uzito wote wa mwili mpaka kikapita. Damu ya moto ilinipanda hadi kiwikoni, ikachanganyika na yangu.

Nyuma yetu wazee walianza kubishana kama nyama ile inaliwa. Muuza vitambaa alikuwa anatafuta jino lake mchangani. Kaka alikaa chini, akaegemea ukuta.

"Lete hayo maduara."

Nilimfungulia kwenye simu yangu, ambamo daktari alikuwa ameniwekea jaribio lile. Alipogusa, kioo hakikumsikia kwa sababu ya damu. Alifuta kidole gumba kwenye kanzu yangu, sehemu moja iliyobaki safi, akaanza upya. Safari hii hakupiga, aligusa. Huku, kule, huku, kule, taratibu zaidi, karibu zaidi. Kisha kidole kikasimama hewani. Tulikitazama wote wawili. Hakukitukana kioo.

"Hapo," alisema.

"Hapo," nilisema.

Wanyama watano walikuwa bado wamefungwa, wakisubiri. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha alifungua ala ya kisu kiunoni, ngozi iliyolainika kwa miaka yote ile, akaiweka mapajani mwangu.

"Kesho tunakwenda kwa muganga wako. Kisu kaa nacho wewe," alisema. "Kikishika kutu, nitakung'oa meno."