Alisema Anarudi Loliondo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa baiskeli na filimbi nikafukuze pundamilia. Uwanja wetu wa ndege ulikuwa ukanda wa udongo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na kabla ndege haijatua ilibidi mtu auzunguke wote. Nilikuwa kijana wa Kiiraqw kutoka Karatu, sijawahi hata kugusa ndege. Mkuu wa Uwanja wa wakati ule, mzee mkali lakini wa haki, aliniambia, "Paskali, hapa juu mkubwa ni wingu. Likikataa, limekataa."

Yeye ndiye aliyenipandisha kwenye redio. Alinifundisha kupima wingu kwa macho: kama huuoni mti wa mwisho wa uwanja, uwanja umefungwa. Akanifundisha na daftari la redio. Kila neno la rubani linaandikwa palepale, kwa wino, pamoja na saa yake. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja. Hufuti.

Alipostaafu akaletwa Meneja wa Kituo, mtu wa kampuni, ambaye hofu yake kubwa ilikuwa wageni kukasirika.

Asubuhi moja rubani wetu, Kapteni Elia, alikuwa anakuja peke yake kutoka Loliondo kuwachukua wageni wanne. Aliuliza hali ya hewa. Nikamwambia mti wa mwisho siuoni. Akajibu kwa utulivu, "Nimekupata, Paskali. Narudi Loliondo." Nikaandika.

Meneja akaninyang'anya kipaza sauti. "Kapteni, wageni wako hapa tangu saa moja. Zunguka mashariki, fuata msitu, utapata upenyo."

Elia akasema, "Sawa, najaribu." Nikaandika na hayo yote mawili. Hatukumsikia tena.

Alitafutwa kwa ndege nyingine, kisha kwa miguu. Nilikwenda na wafugaji wa kijiji cha Arash siku kumi na moja, tukiingia makorongo ambayo hata wao huyapita kwa tahadhari. Mzee mmoja wa Kimaasai alituonyesha kwa fimbo. "Ilipita hapa, chini sana, ikaingia kwenye wingu pale. Nilisubiri itoke." Hatukupata bawa wala kipande cha kioo. Mpaka leo hakuna aliyepata.

Niliporudi, Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango na kuweka daftari jipya mezani. "Nakili upya ukurasa wa siku ile. Andika kwamba alionywa, akakaidi. Maiti hashtakiwi, Paskali. Wewe una watoto."

"Meneja, alikuwa anarudi. Ni wewe uliyemgeuza."

"Nani atakuamini?"

"Wino," nikamjibu, nikatoka na daftari la zamani kwapani.  Wachunguzi wa ajali walipokuja niliwakabidhi daftari mkononi. Ripoti yao iliandika kwamba chanzo hakijulikani. Meneja alihamishiwa mjini. Mimi nikarudishwa kwenye filimbi, nikafukuza pundamilia miaka tisa hadi nilipostaafu. Niliwafukuza vizuri.

Ninyi mnaofanya kazi hii ya redio leo mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Lakini mwenye haraka bado yupo, na atakuja kusimama nyuma ya kiti chenu.

Mwaka jana kanisani Karatu tuliwaombea marehemu. Katekista, kijana mwema aliyesimuliwa vibaya, alimtaja Elia, "aliyepotea kwa ukaidi wake." Nilisimama katikati ya ibada. Mke wangu alinivuta koti, sikukaa.

"Hakukaidi," nikasema. "Alisema anarudi, nilimsikia kwa masikio yangu, nikaandika kwa mkono huu. Sema upya."

 Kwenye benchi la mbele mjane wa Elia, Mama Anna, aliinuka taratibu, akamgeukia katekista.

"Sema upya, mwanangu," akamwambia. "Tunasubiri."

Akasema upya.