Kanda Iliyokaa Juu ya Meko

Nilipokuwa kijana nilikwenda Ipelele, huko Makete, kuchuma pareto kwa mzee mmoja wa Kikinga. Asubuhi moja tuliamka tukakuta viazi vyake vyote vimeungua kwa baridi. Mtu asiyeijua baridi ya kule atauliza viazi vinaunguaje na baridi. Vinaungua. Majani yanakuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, ukiyagusa yanabaki mkononi. Yule mzee alizunguka shamba zima, akarudi, akaingia jikoni, akapanda darini juu ya meko na kuanza kushusha mbegu: njegere, maharage, mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, yote meusi kwa moshi. Akasema tu, "Tulime tena." Tukalima.

Hayo siyo niliyokusudia kuandika. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na mkono wangu ukishaanza unakwenda unakotaka. Nimemtaja mzee yule kwa sababu juzijuzi nilimkumbuka, nikauona uso wake, koti lake la jeshi, hata lile jino la mbele lililovunjika. Sauti yake nikaitafuta sikuipata. Yale maneno yake ninayo, lakini kichwani mwangu nayasema mimi mwenyewe. Nikaogopa. Mke wangu alifariki mwaka juzi, na nilikuwa nimeshaanza kuona sauti yake nayo inanipotea hivyo hivyo.

Kwetu Njombe nako mbegu tunaziweka juu ya meko. Moshi unafukuza dumuzi wanaotoboa mbegu, na ndipo mahali pekee nyumbani pasipo na unyevu, maana ukungu wetu unaingia mpaka kwenye sanduku la nguo. Mke wangu alipeleka pale kila kitu ambacho hakutaka kiharibike. Msimu uliopita nilipanda kushusha mbegu, na ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya mbegu za maboga, nikakuta kanda ya video, ile ndogo inayokaribia kulingana na kiberiti. Ilikuwa ya harusi ya binti yetu. Sidii zilizotolewa humo wajukuu walishazimaliza kwa kumulikia jua ukutani. Kwa hiyo sauti ya mke wangu ilikuwa imo kwenye ile kanda, au haimo popote.

Nikaipeleka mjini. Dada wa steshenari aliigeuza mkononi mara kadhaa.

"Babu, hii inaingia wapi?"

"Ningejua ningekuja kwako?"

Akacheka, akasema niwatafute watu wa zamani. Ndipo nikamkumbuka mtu aliyeipiga picha ile harusi. Alikuwa ameshahamia Makambako, amefungua chumba cha picha za pasipoti kule Lyamkena. Nikapanda kosta.

Upepo wa Makambako unajulikana, sitausemea. Nilimkuta mpiga picha amekaa nyuma ya meza, amefunga shuka shingoni kama mama mzazi.

"Kamwene," nikamsalimia kwa Kibena.

"Kamwene, mzee. Umezeeka."

"Na wewe hizo nywele umemwachia nani?"

Akajipapasa kipara, akanivutia kiti. Nilipomweleza nilichofuata alivua miwani, akanipa pole. Alimkumbuka mke wangu. "Ndiye aliyenitoa jikoni kwake siku ile," akasema, "eti kamera yangu inawatia aibu wapishi." Nikamwambia ninachotaka ni hiki tu: sauti yake itoke kwenye kanda, iingie kwenye kompyuta, kisha kwenye simu yangu, nikiitaka niwe nayo.

Kamera ile ile alikuwa nayo bado, kwenye boksi la viatu. Betri ilishakufa, akaichomeka kwenye umeme. Akaiunganisha na kompyuta kwa waya wa kawaida. Kompyuta ikaiona upesi, nikafurahi, kumbe ndani yake hamna kitu.

"Waya huu unaleta picha za mnato tu," akasema. "Kanda ina waya wake."

Alitafuta huo waya wake mpaka nikasinzia. Ulikuwa mwembamba, na tundu lake halipo kwenye kompyuta za siku hizi, ila yeye alikuwa na moja ya zamani chini ya meza, inavuma kama mashine ya kusaga. Akachomeka. Kimya. Akazima, akawasha, akachomeka tena. Kimya. Akaishika kamera, akaitazama kwa muda, akajipiga kidogo kwenye paji la uso.

"Nimeiweka kwenye kupiga. Inabidi iwe kwenye kuonyesha."

Akazungusha kitufe. Kompyuta ikalia kidogo, na jina la kamera likatokea. Nikamuuliza kama na yeye ameanza kuzeeka. Akasema nisubiri zamu yangu ya kucheka.

Sasa akafungua kijimlango cha kamera atie kanda. Akasimama, akainusa.

"Mzee, hii kanda inanuka moshi."

"Imekaa juu ya meko."

"Juu ya meko? Mmeikausha kama samaki?"

"Si wewe uliyemwambia mama aiweke pasipo na unyevu?"

Ni kweli alimwambia hivyo siku anatuletea, na kwa nyumba zetu pasipo na unyevu ni pale tu. Yeye mwenyewe ni Mbena, anazijua. Akaitia kanda taratibu. Picha ikaja imekatikakatika vipande vya mraba kama kitambaa cha viraka, na sauti hakuna hata kidogo. Akaitoa. Akachukua spiriti na kipande cha ngozi laini, akasafisha lile gurudumu dogo la ndani linalosoma kanda. Pamba hatumii, alisema, inaacha nyuzi. Ngozi ikatoka nyeusi. Akasafisha tena, ikatoka ya kahawia. Akaizungusha kanda yote mpaka mwisho na kuirudisha mwanzo, ilegee, maana ilikuwa imegandana.

Tulipoanza upya, kompyuta ikirekodi, nikaiona nyumba yangu ikiwa na mabati mapya. Nikaona watu wengi ambao sasa tumeshawazika. Mchungaji kutoka Kidugala anaomba, midomo inakwenda, sauti hakuna. Mke wangu akasimama kumpa binti nasaha, na pale ndipo viraka vikarudi vikamfunika uso wote. Nasaha zile zilipita hivyo. Mpiga picha alifunga kila kitu kingine kilichokuwa wazi kwenye kompyuta, akisema labda inalemewa. Mimi sikujua kinacholemewa ni kipi. Nilishika magoti yangu tu.

Halafu sauti ikaja. Ilianza kwa mkwaruzo, kisha ngoma, kisha watu wakicheka, na katikati yao yeye, hata kwenye picha hayupo, yuko pembeni anasema kwa Kibena: "Hao wageni wa Ipelele wamekula? Msiwape ugali uliopoa, wametoka mbali hao." Na mtu akamjibu, naye akasema, "Basi pasha, mbona unanitazama."

Ilikuwa yeye. Ile namna ya kuvuta neno la mwisho kama amechoka na wewe nilikuwa nimeshaisahau kabisa. Mpiga picha alitabasamu, akasema, "Mama anagombeza." Kisha picha ikaganda, na kompyuta ikaandika kitu.

"Imesema nini?"

"Imekata," akasema. Akasogeza kipanya, akatazama. "Ilikata hata kabla ya hapo, mzee. Kanda ikiharibika kidogo, hii programu inaacha kurekodi yenyewe. Mchungaji ameingia. Mama hajaingia."

"Lakini nimemsikia."

"Tumemsikia kwenye kamera. Kwenye kompyuta hayumo."

Akaitoa kanda aikague kwenye mwanga. Aliniita nione. Ukingo wa utepe ulikuwa umeanza kujikunja, pale pale tulipoishia, kama upindo wa nguo iliyochakaa. Akasema hakuna njia nyingine, lazima turudi nyuma tupite tena mahali pale pale, na inaweza kuingia, na inaweza kukatika. Hakunificha. Akasema uamuzi ni wangu, kisha hata sijajibu akawa ameshairudisha ndani, na kamera ikaanza kuvuta.

Niliinuka. Nikafunga vifungo vya koti.

"Choo kiko nyuma, mzee, pitia mlango huu."

"Haya," nikasema.

Nikatoka kwa mlango wa mbele. Mke wangu nilishampoteza mara moja, nikiwa nimeshika mkono wake, na sikutaka kukaa kwenye kiti nikisubiri mashine iamue kama anapotea tena. Nilitembea mpaka stendi, upepo ukinisukuma kwa nyuma, nikapanda gari la Njombe. Simu iliita njiani, nikajua ni mpiga picha, nikaiacha iite. Lyamkena sijarudi tena.