Nilikata godoro la mama nikavalishe magongo yake, sponji lenyewe nikaja kulipata Mikumi

Wakuu, shikamooni wale mliotangulia kuzaliwa. Wa rika langu, mambo vipi.

Nianze na kosa, msije mkanisifia halafu mkajuta: nilikata godoro la mama yangu kwa kisu cha jikoni. Mama alikuwa mgonjwa. Na godoro ndilo hilo hilo alilokuwa analalia.

Haya yametokea kwetu Kilosa, likizo iliyopita. Nikiongeza chumvi hata punje moja, mwalimu wangu wa hesabu anikalishe kiti cha mbele mpaka nimalize form four.

Uzi huu ni wa yeyote anayehangaika kutafuta lile sponji la mrija, jeusi, lenye tundu katikati, la kuvalisha chuma au mti usiumize mwili. Mimi nimelitafuta mpaka ndala zimeisha kisigino.

Twende.

Mama aliteleza kwenye mtaro wa shamba la mpunga huko Chanzuru, akavunjika mguu chini ya goti. Akafungwa plasta ya P.O.P. Alilala chali siku nyingi mpaka kisigino kikaanza kutoka kidonda.

P.O.P ilipotolewa, nesi akamwambia, "Mama, dawa iliyobaki ni kutembea. Usipoutembeza huo mguu, goti litakakamaa na hutalikunja tena."

Magongo tuliazima kwa Babu Chande, jirani yetu, ambaye aliwahi kuumia nyonga. Ya mbao, yana nati za kuzungusha kwa mkono. Babu Chande ni mrefu, akiingia kwetu anainama mlangoni kama anayeomba msamaha. Mama yangu nikimkumbatia, kidevu changu kinakaa juu ya kichwa chake.

Shikeni hapo. Mimi sikupashika, ndiyo maana nimeteseka.

Siku ya kwanza mama alitembea mpaka mlangoni. Ya pili akafika nusu ya chumba. Ya tatu akayasukuma magongo chini ya kitanda.

"Yananinyonga kwapani," akasema. "Niacheni nipumzike."

Mdogo wangu Zuhura, yupo darasa la tatu, akachungulia kwapa la mama akaniambia kwa kuninong'oneza kwamba pamechubuka, pamekuwa pekundu.

Baba yupo kwenye miwa, mbali, anarudi mwisho wa mwezi. Nyumbani mwanaume ni mimi. Mwanaume mwenyewe ndiye huyu mnayemsoma.

Sasa kuna asubuhi moja. Niliamka mapema kuliko kawaida yangu, nikafungua dirisha la uani.

Nikamwona mama anasota.

Amekaa chini, amejifunga khanga mbili, anajivuta kwa makalio kutoka mlango wa nyuma kwenda chooni. Anavuta kidogo, anasimama, anatazama upande wa majirani kama kuna mtu. Anavuta tena. Mguu mbovu ameunyoosha mbele.

Wakuu, mimi ni mtu wa masihara. Shuleni nimeshachapwa kwa kuchekesha watu msibani, msiba wa babu wa headmaster. Lakini pale nilifunga dirisha polepole asijue nimemwona.

Siku hiyo hiyo nikapata akili. Au niseme nilidhani ni akili.

Sponji! Kwapa likikaa juu ya sponji halitaumia. Na sponji nyumbani lipo wapi? Kwenye godoro.

Godoro langu ni la pamba, limekaa kama biskuti. La Zuhura analikojolea, hata yeye anajua. Likabaki la mama. Nikapiga hesabu: mama ni mfupi, miguu yake haifiki mwisho wa kitanda. Kwa hiyo kule mwisho ni mali isiyotumika.

Alipotoka kuota jua, nikakata kipande cha saizi ya mkate. Shimo nikaliziba kwa sweta langu la shule, nikatandika shuka vizuri kuliko siku zote. Hapo tu alipaswa kunishtukia.

Sponji nikalifunga juu ya magongo kwa vitambaa. Mama akajaribu, akatabasamu. "Afadhali," akasema. Nikajiona daktari.

Siku tatu baadaye sponji limebonyea limekuwa karatasi. Na linanyonya jasho balaa.

"Kaka, magongo yananuka kama soksi zako," Zuhura akasema.

Nikajaribu kuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Ukanata kwenye ngozi, mama akapiga kelele kama anang'olewa jino. Magongo yakarudi chini ya kitanda, na mimi najua kesho yake alfajiri mama atasota tena.

Katikati ya haya mama akaniuliza, bila hata kunitazama, "Shabani, sweta lako la shule lipo wapi?"

"Nimemwazima rafiki yangu."

"Haya," akasema. Basi. Akaendelea kuchambua mchele.

Zuhura naye akaleta umbea wake kwamba siku hizi mama ameshusha mto, analala chini chini kitandani. Nikamwambia atandike kitanda aache upelelezi.

Nikaingia mjini sasa kutafuta kitu cha maana. Kichwani nakijua: mrija wa sponji. Jina lake silijui. Hapo ndipo penye shida, wakuu, ukitafuta kitu usichokijua jina unaonekana mwizi.

Duka la kwanza la vifaa vya ujenzi: "Dogo, unataka bomba au unataka sponji? Chagua moja."

Duka la pili akanipa sponji la kuoshea vyombo. La tatu akaniuliza nimetumwa na nani.

Aliyenifungua macho ni fundi makochi mmoja, mzee, misumari ipo mdomoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuitoa. Nikamwelezea kwa mikono.

"Hilo wanavalisha mabomba ya kopa, yale ya shaba, mafundi friji na AC, yasitoe maji," akasema. "Sasa Kilosa hapa AC zipo ngapi? Nenda Mikumi, kwenye mahoteli ya watalii. Wakifunga AC vinabaki vipande, wanatupa."

Wanatupa! Mimi nimekata godoro na watu wanatupa!

Mjomba wangu Saidi anaendesha bodaboda, na kesho yake alikuwa na mzigo wa nyanya wa kupeleka Mikumi. Nikakaa katikati, mbele mjomba, nyuma tenga. Vumbi la njia ya Masanze lote nimekula mimi. Nilipofika Mikumi nyusi zilikuwa za mzee wa miaka themanini.

Tuliulizia tukaelekezwa kwenye loji moja, kuna fundi juu ya ngazi anafunga AC. Jitu kubwa, linaimba kwa sauti. Chini ya ngazi, wakuu, vipande vya mrija mweusi vimezagaa kama maganda ya miwa!

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mtoto wa wapi wewe, umepakwa unga?"

"Kilosa. Sisi Wasagara."

Akaacha kazi. Akashuka ngazi yote. "Msagara! Mtani wangu! Babu zangu Wasukuma walipita kwenu wakienda pwani kwa miguu, mkawauzia mtama uliooza! Umekuja kulipa?"

Mjomba Saidi akadakia, "Walikula bila kuosha mikono, ndiyo maana waliharisha."

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono kama wamesoma pamoja. Na ndiyo kwanza wameonana. Utani raha sana, unaingia kwa mtu bila kubisha hodi.

Jina lake Fundi Luhende. Nikamweleza shida. Akaokota kipande, akanibonyezea.

"Ona, nikiachia linarudi. Halinyonyi maji wala jasho, unafuta na kitambaa. Godoro haliwezi hivi. Haya, mti wenyewe una unene gani?"

Nikaonyesha kwa vidole, mara hivi, mara vile.

"Hukupima?"

Mjomba akatazama pembeni kama hatujuani.

Nikachukua simu ya mjomba, nikampigia Zuhura kwenye simu ya mama. Nikamwambia azungushe uzi pale mama anaposhika kwa mkono, halafu aupime kwa rula. Pale juu panapokaa kwapani pana umbo la ajabu, sikuwa na namna ya kupima.

"Sentimita kumi!" akapiga kelele.

Sasa hiyo ni mzunguko, tunataka upana. Gawanya kwa pai. Mimi, Shabani, niliyeuliza darasani kwamba duara litanisaidia nini maishani, nikachuchumaa kwenye mchanga wa Mikumi nagawanya kumi kwa tatu nukta moja nne. Tatu nukta mbili hivi. Mwalimu, kama upo humu, samahani sana.

Fundi akachagua lenye tundu dogo kidogo kuliko mti. "Lazima libane, likilegea linazunguka mkononi anaanguka. Paka maji ya sabuni, lisukume liingie. Likikauka halitoki."

Nikamwambia nashukuru, lakini ninalitaka la kwapani, mkononi hapaumi.

Fundi akanitazama.

"Mama yako kwapa linachubuka?"

"Ndiyo."

Akapandisha suruali, akanionyesha kovu refu kwenye mguu. "Mimi nilianguka kwenye paa. Nimetembelea magongo mpaka nikayapa majina. Gongo halibebi mtu kwa kwapa! Ukisimama nalo, kati ya kwapa na gongo vipite vidole viwili, vitatu. Uzito wote unakaa mikononi, ndiyo maana sponji linakwenda mkononi. Kama linamchubua kwapa, ni refu. Magongo ya nani hayo?"

Nikamkumbuka Babu Chande anavyoinama mlangoni.

Wakuu, nilikaa chini.

Wiki zote zile. Godoro, mpira wa baiskeli, mama anasota uani. Na nati zipo pale pale, za kuzungusha kwa mkono, hata spana hazitaki.

Fundi akakataa pesa. "Nitachukua pesa ya mtani nipate laana? Ila peleka ujumbe, usipunguze neno. Mwambie mama yako, Luhende anasema Wasagara tangu zamani hawajui kutembea, walikuwa wanakaa tu barabarani kuuza mtama. Kuanguka kwenye mtaro ni kawaida yao. Mtaro ndio wa kupewa pole."

Tulifika nyumbani jua bado lipo. Nikayatoa magongo chini ya kitanda, nikalegeza nati, nikayashusha matundu matatu. Nikavalisha sponji mkononi kwa maji ya sabuni. Zuhura akapitisha vidole vyake kwapani kwa mama kupima, mama akawa anatekenyeka.

Ndipo nikatoa ujumbe. Sikupunguza neno.

Mama akaketi kitandani, magongo akayaweka kando. Nikajua nimeharibu.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, machozi yanamtoka. Tangu aanguke nilikuwa sijamsikia akicheka, na utani wangu wote ulikuwa umeshindwa.

"Msukuma huyo! Msukuma kaniambia hivyo mimi?"

"Namba yake ninayo mama, umjibu."

"Mtani hajibiwi kwenye simu. Nitamfuata huko huko nikamwambie mbele ya watu. Nisimamishe."

Akasimama. Akavuta gongo, akavuta mguu. Akafika mlangoni, akatoka, akavuka uwanja wote akiwa wima mpaka chooni, anamtukana Luhende njia nzima. Jirani mmoja akachungulia. Mama akamwambia, "Unatazama nini, hujawahi kuona mtu anakwenda Mikumi?"

Mimi nilijifanya naosha tenga la mjomba. Halikuwa na uchafu.

Kuanzia hapo kila siku alikuwa na safari yake ya Mikumi. Mpaka jikoni. Mpaka kwa Babu Chande, ambaye alipoona magongo yake yamefupishwa akauliza kama na yeye amepungua. Goti likaanza kukunja. Na mwezi uliofuata mama alipanda Noah, akashuka Mikumi na magongo yake, akamkuta Luhende juu ya ngazi ile ile. Alichomwambia siwezi kukiandika humu, mods watanifungia. Ila Luhende alishuka akamtafutia kiti.

Nilichojifunza: kabla hujatafuta kitu cha kuzuia maumivu, uliza kwanza maumivu yanatoka wapi. Pima kabla hujasafiri. Sponji la mrija ulizieni kwa mafundi AC na friji. Na kama una magongo ya kuazima, yashushe yakufae wewe, mwenye nayo si wewe.

Wenye uzoefu wa kuuguza mtu nyumbani tupeni mbinu, maana mguu bado haujapona wote. Wa kunicheka pia mnakaribishwa, nimezoea.

Limebaki godoro.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nikaona nisiende na hiyo dhambi. Nikamfuata mama, nikakaa chini, nikamweleza yote: kisu, mkate, sweta. Nikamwambia nitatafuta sponji nizibe.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa sweta langu. Limefuliwa, limekunjwa, hadi kile kifungo kilichokatika tangu form two kimeshonwa. Akaniwekea mapajani, akasema:

"Nilijua siku ile ile, Shabani. Vaa sweta lako uende shule, na lile shimo usiliguse. Kisigino changu kilikuwa kinaniuma kila nilipokilaza, humo tu ndimo kilimopata usingizi."